Watoto 69 wa Mulago na watoto 8 wa Stockholm: uhakiki wa makala moja juu ya asidi kinureniki



Hapa tumezoea kuhakiki vitabu, hotuba na nyimbo. Leo naomba tuhakiki makala ya sayansi. Ilitoka mwaka 2017 katika Malaria Journal, jarida ambalo kila mtu anaweza kusoma bure. Mwandishi wa kwanza ni Holmberg. Wako pamoja naye Waganda wanaojulikana katika kazi ya malaria ya watoto, Richard Idro, Robert Opoka na Paul Bangirana, wako watafiti wa Sweden, na yuko Chandy John wa Marekani. Kichwa chake, nikikisema kwa Kiswahili, kinatangaza kwamba kiasi cha kinurenini na asidi kinureniki katika maji ya uti wa mgongo kinahusiana na muda wa koma, tena kinahusiana na udhaifu wa akili wa muda mrefu, kwa watoto wa Uganda waliopata malaria ya ubongo.

Nasema mapema msimamo wangu. Kazi ni nzuri na inatuhusu. Lakini kichwa kimebeba mzigo kuliko matokeo yenyewe, na sisi wasomaji tunaongeza mzigo mwingine juu. Mwisho wa safari, mama wa Mutambala anapewa shauri ambalo hakuna mtu alilipima.

Kwa nini inatuhusu

Sihitaji kueleza malaria kwa mtu wa Fizi. Tunaishi kati ya ziwa na mabonde yenye maji, na wale waliofanya stage ku hospitali kuu ya Baraka, ambayo Médecins Sans Frontières walianza kuisaidia mwaka 2003, wanajua msimu wa mvua unafananaje mu wodi ya watoto. Mtoto anafika na homa, halafu degedege, halafu halali wala haamki. Familia nyingine imeshapita kwanza kwa mtu wa dawa za miti, juu degedege kwetu ina maelezo mengi kabla ya kufika kwa munganga.

Wengi wanapona, Mungu asifiwe. Lakini kuna jambo linazungumzwa kidogo sana. Utafiti wa Kampala na wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaotoka hai katika malaria ya ubongo anabaki na shida ya kufikiri, kukumbuka ao kutulia. Huyu mtoto anarudi nyumbani anatembea, anakula, anacheka. Mwaka unaofuata ku masomo mwalimu anasema "huyu mutoto hasikilize". Anapigwa, anarudia darasa, anaacha. Hakuna anayeunganisha ile fimbo na ile koma.

Makala ya 2017 inajaribu kuunganisha. Inauliza: kemikali gani mu ubongo inaweza kueleza njia kutoka koma mpaka darasani? Swali hilo peke yake linastahili heshima.

Kemia kidogo, polepole

Triptofani ni asidi amino ambayo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Lazima tuile. Hopkins na Cole waliitenga mwaka 1901 Uingereza. Sisi tunaipata katika ndagaa, mayai, maharage, karanga, nyama. Mu unga wa muhogo iko kidogo sana, kwa sababu muhogo wenyewe una protini kidogo.

Watu wengi wakisikia triptofani wanafikiria serotonini, ile inaitwa "kemikali ya furaha". Kumbe sehemu inayokwenda kuwa serotonini ni ndogo, asilimia moja ao mbili hivi. Sehemu kubwa sana ya triptofani inayovunjwa, zaidi ya asilimia 90, inapita njia nyingine, njia ya kinurenini.

Mlango wa hiyo njia ni kimeng'enya. Ku ini kinaitwa TDO, ku sehemu nyingine nyingi IDO. Kimeng'enya kinachukua oksijeni na kupasua pete ya indoli ya triptofani. Baada ya hatua moja fupi tunapata kinurenini. Hapo barabara inagawanyika.

Upande mmoja, kinurenini inabadilishwa, pete mpya inajifunga, na inatoka asidi kinureniki, C10H7NO3. Mu ubongo kazi hii inafanywa zaidi na astrositi, seli zinazolisha na kutunza niuroni.

Upande mwingine, kimeng'enya KMO kinaongeza oksijeni, hatua zinafuatana, na inatoka asidi kinoliniki, C7H5NO4. Hii inatengenezwa zaidi na mikroglia na makrofaji, yaani seli za ulinzi. Haiishii hapo. Mwili unaitumia kutengeneza NAD, ile ile kazi ya vitamini niasini. Njo maana tunahesabu kwamba miligramu 60 za triptofani zinaweza kutoa kama miligramu 1 ya niasini.

Majina haya yana mtego. Asidi kinoliniki haina pete ya kinolini. Ilipewa jina juu ilipatikana kwa kuoksidisha kinolini. Asidi kinureniki ndiyo yenye pete ya kinolini, ile ile iko ndani ya kinini na klorokini tulizokunywa utotoni. Na jina "kinureniki" linatoka maneno ya Kigiriki ya mbwa na mkojo, kwa sababu Justus von Liebig, Mjerumani, aliikuta katika mkojo wa mbwa mwaka 1853.

Zaidi ya miaka mia moja asidi hii ilikaa kama takataka ya mkojo. Mwaka 1978 Lapin, mtafiti wa Leningrad, alionyesha kwamba vitu vya njia hii vikiwekwa mu ubongo wa panya vinaleta degedege. Mwaka 1981 Stone na Perkins walionyesha kwamba asidi kinoliniki inachochea niuroni kupitia kipokezi cha NMDA, mlango ambao kwa kawaida unafunguliwa na glutamati. Mlango ukifunguliwa kupita kiasi, kalsiamu inaingia nyingi na seli inakufa. Mwaka 1982 haohao wakaonyesha kwamba asidi kinureniki inafanya kinyume: inazuia.

Hadithi ya polisi na mwizi

Kutoka hapo ilizaliwa hadithi ambayo wengi wetu tulipewa mu auditoire: kinoliniki ni mwizi, kinureniki ni polisi. Moja inaua niuroni, nyingine inazilinda. Mwanafunzi anaandika, anapata pointi, anaendelea.

Hadithi hii inashikika vizuri mu kichwa, na data za kwanza za Afrika Mashariki zilionekana kuipa nguvu. Mwaka 2000 Dobbie na wenzake, pamoja na kikundi cha Kevin Marsh cha Kilifi, walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto 97 wa Kenya wenye malaria ya ubongo. Asidi kinoliniki ilikuwa juu karibu mara 14 kuliko kiwango cha watoto wa umri huo. Tena, kadiri hali ya mtoto ilivyokuwa mbaya ndivyo kiwango kilivyopanda. Triptofani yenyewe haikubadilika. Mwizi alionekana kukamatwa.

Lakini mwaka 2002 Medana na wenzake walipima watu wazima 261 wa Vietnam wenye malaria kali. Asidi kinoliniki ilikuwa juu, ndiyo. Lakini walipoangalia figo, waliona kwamba sehemu kubwa ya kile kilichopanda inaelezwa na figo kushindwa kazi. Mtu ambaye figo zake hazisafishi, vitu hivi vinajaa. Basi swali likabadilika: hiyo asidi inaleta ugonjwa, ao inaonyesha tu kwamba mwili mzima umelemewa?

Shikeni swali hilo. Nitalirudia.

Makala ya Mulago

Watafiti walichukua maji ya uti wa mgongo ya watoto 69 waliolazwa na malaria ya ubongo katika hospitali ya Mulago, Kampala, kati ya 2008 na 2013. Wakapima vitu viwili: kinurenini na asidi kinureniki. Wakafuatilia watoto kwa muda mrefu baada ya kutoka hospitali, wakawapima akili na uwezo wa kuwa makini.

Waliona nini? Kwanza, vitu vyote viwili vilikuwa juu sana kuliko kwa watoto wa kulinganisha. Pili, vilihusiana na muda wa koma, yaani mwenye kiasi kikubwa alikaa muda mrefu zaidi bila kuamka. Tatu, kwa watoto wa miaka 5 na zaidi, kinurenini ilihusiana na matokeo mabaya ya umakini baada ya miezi 12.

Sifa ya kwanza: makala inavunja ile hadithi ya polisi na mwizi. Hapa "polisi" ndiye yuko mingi kwa mtoto aliyelala koma ndefu. Tukifikiri kidogo, haishangazi. Kama asidi kinureniki inafunga milango ya glutamati, na glutamati njo inatuweka macho, inatusaidia kujifunza na kukumbuka, basi ukifunga milango mingi mno mtu atalala na hatashika somo. Waandishi wanasema hivyohivyo, na wanaongeza kwamba inazuia pia mfumo wa asetilikolini. Hoja hiyo ya pili bado inabishaniwa kati ya wataalamu. Lakini somo kubwa limesimama: kitu kinachoweza kulinda seli kwa kiasi fulani kinaweza kuzimisha akili kwa kiasi kingine.

Sifa ya pili: walifuatilia. Utafiti mwingi unaishia mlango wa hospitali, aliye hai anahesabiwa "amepona". Hawa walisubiri miezi, wakamtafuta mtoto, wakamkalisha, wakampima. Mtu aliyejaribu kumfuatilia mgonjwa hata wiki mbili tu kati ya Baraka na Lulenge anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Sasa kasoro.

Kasoro ya kwanza: watoto nane

Watoto wa kulinganisha walikuwa 8. Wote wa Sweden, kutoka hospitali ya watoto ya Astrid Lindgren, Stockholm, wasio na ugonjwa wa neva wala wa kuambukiza.

Soma tena. Upande mmoja mtoto wa Kampala, ambaye pengine alikuwa na vimelea vya malaria mara nyingi mu maisha yake, pengine minyoo, pengine upungufu wa damu, chakula cha ndizi ao muhogo ao mahindi. Upande mwingine mtoto wa Stockholm na maziwa yake. Halafu tunasema: tofauti hii ni malaria ya ubongo.

Inaweza kuwa hivyo, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa. Lakini IDO, ule mlango wa njia ya kinurenini, unafunguliwa kwa nguvu na interferoni gama, ujumbe ambao mwili unatuma wakati wa maambukizo. Maambukizo yoyote. Mtoto wa Kampala mwenye malaria ya kawaida, asiye na koma, anaweza naye kuwa na kinurenini ya juu. Na mtoto wa Kampala mzima kabisa, kiwango chake ni kipi? Makala haituambii, kwa sababu hakuna aliyempima.

Tena kuna suala la vitamini B6. Kimeng'enya kinachotengeneza asidi kinureniki kinaitegemea, na kimeng'enya kingine upande wa kinoliniki kinaitegemea pia. Mtoto mwenye utapiamlo anaweza kupitisha triptofani yake kwa namna tofauti hata bila mbu kumuuma. Ukimlinganisha na mtoto aliyeshiba wa Ulaya, utajuaje kipi ni cha malaria na kipi ni cha sahani?

Nitawatetea waandishi, juu haki ni haki. Huwezi kuchukua mtoto mzima wa Kampala, ukamchoma sindano ya uti wa mgongo ili upate namba ya kulinganisha. Ni maumivu, na familia zinaiogopa; kwetu watu wanasema wazi kwamba ile sindano inalemaza ao inaua. Kamati ya maadili ingekataa, na ingekuwa na haki. Kwa hiyo wale 8 ni matokeo ya ugumu wa kweli. Lakini kuna njia ya katikati: watoto wa Uganda ambao walichomwa sindano ile kwa sababu ya matibabu, wakashukiwa homa ya uti wa mgongo, wakakutwa hawana. Nao si wazima kamili, lakini angalau wanakunywa maji ya nchi moja na kula sahani moja.

Kasoro ya pili: kichwa kinaunganisha vitu viwili

Kichwa kinataja kinurenini na asidi kinureniki pamoja, halafu kinataja koma na udhaifu wa muda mrefu pamoja. Msomaji anaelewa kwamba vyote viwili vinahusiana na vyote viwili. Matokeo yanasema kidogo kuliko hapo. Kwa koma, ndiyo, vyote viwili: P ya kinurenini ni 0.003, ya asidi kinureniki ni 0.04. Lakini kwa umakini baada ya miezi 12, kile kinachotangazwa ni kinurenini, P 0.003. Kwa akili kwa jumla ni kinurenini tena, na P ni 0.056, yaani haikufika hata ule mpaka wa 0.05 ambao watafiti wenyewe wanautumia kila siku.

Mtu atasema: wewe unatafuta makosa madogo, kinurenini ndiyo mama wa asidi kinureniki, zinakwenda pamoja. Ni kweli zilikwenda pamoja katika vipimo. Lakini si sawa, na tofauti iko ya maana. Kinurenini inapita kwa urahisi kutoka damu kuingia ubongo. Asidi kinureniki inapita kwa shida sana. Ile iko mu ubongo inatengenezwa zaidi humohumo. Kwa hiyo kinurenini ya juu katika maji ya uti wa mgongo inaweza kuwa habari ya moto unaowaka mwili mzima. Kama kinurenini ndiyo inayobashiri umakini mbaya, na asidi kinureniki haionekani wazi, basi maelezo ya "milango ya glutamati ilifungwa" yanapungua nguvu. Inawezekana tunaona moshi tu. Mtoto aliyeugua vikali zaidi alikuwa na moshi mwingi, na mtoto aliyeugua vikali zaidi ndiye aliyeharibika zaidi. Njo lile swali la Vietnam limerudi.

Kasoro ya tatu: ndugu asiyepimwa

Vitu vilivyopimwa ni viwili. Asidi kinoliniki, ile iliyokuwa juu mara 14 Kilifi, si mmoja wao. Basi hatuwezi kulinganisha matawi mawili ya barabara katika mtoto mmoja. Kinureniki ilipanda peke yake? Zilipanda zote? Uwiano wao ulikuwaje? Ni kama kuhesabu magari yanayotoka Baraka kwenda Fizi bila kuhesabu yale yanayokwenda Uvira, halafu kusema barabara ya Fizi ndiyo iliyojaa. Makala iliyokuja miaka 17 baada ya Kilifi ingetusaidia sana kama ingeweka vitu vyote vitatu juu ya meza moja.

Makosa yetu wasomaji

Hapa naacha waandishi, nageukia sisi. Nimeshasikia, katika mazungumzo ya watu waliosoma, hoja inayokwenda hivi: "Kama triptofani inaleta hiyo asidi, na asidi inaleta koma, basi mutoto wa malaria asipewe samaki wala mayai." Upande mwingine kuna anayesema kinyume: "Asidi kinureniki inalinda ubongo, tutafute kidonge chake."

Yote mawili hayana msingi. Makala haikupima chakula. Kilifi triptofani haikubadilika hata wakati kinoliniki ilipanda mara 14. Kilichobadilika ni jinsi mwili ulivyoifanyia kazi, si kiasi kilichoingia kwa mdomo. Ukimnyima ndagaa mtoto anayetoka malaria, unamnyima protini, na unamnyima triptofani ambayo anaihitaji kwa kila kitu kingine, pamoja na niasini. Kwetu ambako mtoto akipata malaria mara nyingi tayari amekonda, shauri hilo linaweza kuua bila asidi yoyote. Na kidonge cha asidi kinureniki, hata kingekuwepo, kingekwama mlangoni: haiingii ubongo kwa urahisi, na makala hii ndiyo inayoonyesha kwamba ya juu sana inakwenda pamoja na koma ndefu.

Mu sayansi ya malaria kuna mambo ambayo yamepimwa kwa nguvu. Mwaka 2010 ilitoka AQUAMAT, jaribio la watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Congo yetu ikiwemo. Waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa sindano ya artesunate asilimia 8.5. Hiyo njo namba ya kumwambia mama. Haina siri za maji ya uti wa mgongo. Inasema: fika mapema, pata dawa sahihi. Na kama kuna kitu kinachorefusha koma kwa uhakika Fizi, ni njia. Mtoto wa Lulenge anabebwa mgongoni, kwa pikipiki, mvua, kizuizi, usiku watu wanaogopa kutembea. Saa zinapita, vimelea vinaongezeka, na njia ya kinurenini inafunguka zaidi kila saa.

Basi makala hii ina thamani gani?

Ina thamani ya swali lililoulizwa vizuri. Imetupa sababu ya kuamini kwamba mtoto anayekosa umakini baada ya malaria ya ubongo si mvivu wala hakurogwa. Kuna kitu kilichotokea katika kemia ya ubongo wake, hata kama bado hatujui ni asidi gani na kwa njia gani. Ningeifundisha kesho asubuhi. Lakini ningeifundisha pamoja na Kilifi 2000 na Vietnam 2002, kwa mpangilio huo, ili mwanafunzi aone wazo likizaliwa, likipata nguvu, likipingwa, likigeuka. Siyo formula ya kukariri kwa Kifaransa na kutapika siku ya mtihani.

Na ningemwomba mwanafunzi asiishie hapo. Nyinyi wa ISTM, wa saikolojia, wa pedagojia, munatafuta kila mwaka mada ya TFC na munaandika tena "maarifa ya akina mama juu ya chandarua". Hapa iko mada. Chukueni, kwa ruhusa ya hospitali na ya wazazi, orodha ya watoto waliotoka koma ya malaria. Watafuteni baada ya miezi 6 na miezi 12. Waulizeni walimu wao, wapimeni umakini kwa vipimo rahisi, linganisheni na ndugu zao wa nyumba moja, wanaokula sahani moja. Haihitaji labo ya kupima asidi. Haihitaji sindano ya mgongo. Inahitaji daftari, uvumilivu, na miguu.

Mutaona kwamba hapo munasahihisha hasa kile kilichopungua Mulago. Mtoto wa kulinganisha hatatoka Stockholm. Atakuwa dada yake, analala naye mu chandarua kimoja, pale Baraka.